Mfungua Madirisha wa Kundi la Sita

Ukimwuliza Nobue Kajitani anafanya kazi gani, atakujibu kwamba hana kazi, yeye ni mjane tu wa miaka sabini na sita anayekula pensheni ya marehemu. Usimwamini. Kila Jumanne na kila Jumamosi asubuhi, mvua inyeshe isinyeshe, mama huyu hufunga kitambaa kichwani, huvaa glavu za pamba, na kutoa kabatini bati la biskuti lenye funguo saba. Kisha hutoka kwenda kuziamsha nyumba za watu.

Neno hilo la kuziamsha ni lake mwenyewe. Anasema nyumba ikifungwa siku nyingi hulala, na ikilala sana haiamki tena.

Basi tuzitazame kwanza hizo nyumba, maana bila nyumba hatuna cha kusimulia. Ziko nane pamoja na yake, zimejishikiza ubavuni mwa mlima juu ya bandari, moja kichwani mwa nyingine, mahali gari lisipofika. Kutoka barabarani hadi kwa Nobue kuna vidato mia moja themanini na sita vya ngazi za mawe, navyo havilingani: kimoja kifupi, kingine kinakufika gotini. Zamani kiwanda cha meli kilipokuwa na kazi, ngazi hizo asubuhi zilijaa watu kama siku ya tamasha. Siku hizi unaweza kukaa juu ya kidato mchana kutwa, na hakuna atakayekuomba umpishe.

Kwa utaratibu wa mji, nyumba hizo nane ni Kundi la Sita la mtaa ule. Kila kundi lina kiongozi, na uongozi huenda kwa zamu, mwaka mmoja mmoja, nyumba hadi nyumba. Mwenye zamu hutundikiwa mlangoni kibao cha mbao kinachosema hapa ndipo kwa kiongozi. Kazi yake ni kupokea jalada la matangazo kutoka kwa mwenyekiti wa mtaa, kulipitisha kwa majirani ili kila nyumba igonge muhuri wake kuonyesha imesoma, na kulirudisha. Mwaka ukiisha, unakichukua kibao hadi kwa jirani anayefuata, mnainamiana, mnaulizana habari za mvua, unakwenda zako umepumua.

Kibao hicho kina mwaka wa tano kwa Nobue. Hakuna jirani anayefuata.

Majirani waliondoka mmoja mmoja. Watoto walitangulia, Osaka na Hiroshima, na wazazi wakawafuata walipozidiwa na ngazi. Wengine wako kwa watoto wao, wengine makao ya wazee, na wengine wako kule ambako hakuna anayerudi, nyumba zao zikabaki kwa warithi wasiojua hata bomba la maji linafungwa wapi. Kila aliyeondoka alifika kwanza kwa Nobue na boksi la vitamutamu, akainama, akasema maneno ambayo watu wa pale husema wakisafiri: nyumba tunakuachia. Mwenye kuambiwa huitikia nendeni salama, na mambo huishia hapo.

Kwa Nobue hayakuishia hapo. Wa kwanza kuondoka alikuwa Fumiko Hamamoto wa nyumba ya chini yake, miaka sita iliyopita, na alipotamka maneno hayo Nobue aliuliza, basi ufunguo je? Fumiko akamtazama kidogo, akauchomoa kwenye pochi, akampa. Waliomfuata walisikia kwamba Hamamoto aliacha ufunguo, wakaona ni utovu wa adabu kuondoka bila kuacha wao. Na kwa kuwa jalada la matangazo lilitaka mihuri, waliacha na mihuri. Ile ya plastiki, ya dukani.

Hivyo ndivyo alivyonasa. Hakuna aliyemnasa.

Jumanne na Jumamosi anaanzia nyumba ya juu kabisa, ya Ishimaru, akishuka. Anasukuma mabao ya madirisha yaingie kwenye makasha yake, upepo wa bahari upite. Anafungua kila bomba, maji yatiririke kidogo, maana bomba la maji machafu likikauka ndani, harufu hupanda na wadudu hupanda nayo. Anafagia mbele ya mlango, anatoa barua sandukuni, anamwagilia vyungu, anafuta sakafu na kuanika tambara kambani. Baadaye anarudi nyumba hiyo hiyo kufunga. Jalada likija, anakaa mezani kwake na mihuri minane, anagonga mmoja mmoja, kila mmoja sawasawa ndani ya kisanduku chake. Kurudisha jalada lenye nafasi wazi aliona ni kuwaaibisha majirani.

Na nyumba yake? Nyumba yake ameisahau. Tangu siku waliyomzika mumewe, Tadao, mabao ya upande wa mbele hayajafunguliwa. Anaishi chumba cha nyuma karibu na jiko, na hutokea mlango wa nyuma, ambako ndiko kilikotundikwa kibao, akipita uani kwa akina Hamamoto, kwa sababu njia ile ina vidato ishirini pungufu. Lango la mbele limeshikwa na kutu na mizabibu ya mwitu. Hata mleta barua alizoea kumwachia barua dirishani kwa jiko. Si uvivu. Ukishazimaliza nyumba saba, mgongo unakwambia ya nane ngoja.

Sasa magoti. Majira ya baridi yaliyopita, goti la kushoto lilimwacha akiwa kidato cha tisini, akakaa pale na mfuko wa mchele mapajani kwa saa nzima, akijifanya anapumzika, endapo mtu angepita. Hakupita mtu. Mdogo wake, Mitsue, anayeishi chini karibu na zahanati kwenye jengo la wazee lenye lifti, alipopata habari alimfokea kwenye simu hadi betri ikaisha. Mwezi Aprili chumba cha jirani yake Mitsue kikawa wazi. Msimamizi wa jengo akasema atamshikia Nobue chumba hadi tarehe ishirini Juni, baada ya hapo kinakwenda kwa mwingine, na foleni ni ndefu. Nobue alikwenda kukiona. Akabonyeza kitufe cha lifti, akapanda hadi ghorofa ya tatu, akashuka, akapanda tena. Alikitaka chumba kile kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka tangu ujana, na alirudi mlimani bila kusema ndiyo.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa kibao. Alikibeba hadi kwa mwenyekiti wa mtaa, Mzee Isogai, kinyozi mstaafu ambaye tumbo lake halijapanda ngazi zile miaka mingi. Isogai alikataa kukigusa. Akamwambia zamu haiendi kwa mwenyekiti, inakwenda nyumba inayofuata, ndivyo ilivyoandikwa.

"Nyumba inayofuata haina mtu, Mzee. Wewe mwenyewe ulikunywa pombe ya sake siku ya kuwaaga akina Ishimaru. Uliimba."

"Niliimba, sikatai. Lakini jalada linanirudia na mihuri minane, mama Kajitani. Mwaka hadi mwaka. Sasa unataka nisiamini mihuri?"

Nobue alihisi uso ukimwaka moto. Isogai, ambaye si mtu mbaya, akamwonea huruma, akamwambia asubiri. Mji ulikuwa umewatuma watu kukagua nyumba zisizo na wakaaji mtaa mzima, na ramani ingetoka mwisho wa Mei. Ramani ikisema Kundi la Sita limebaki na mtu mmoja, kundi linavunjwa, kibao kinaingia stoo, naye anakwenda zake kwenye lifti. Nobue akarudi na kibao chake, akahesabu siku.

Ramani ilikuja ndani ya jalada, imekunjwa mara nne. Nyumba zenye watu ni nyeupe, zilizo tupu ni nyekundu. Nobue alivaa miwani, akaitafuta ngazi kwa kidole, akalikuta Kundi la Sita. Nyumba saba nyeupe. Moja nyekundu.

Ile nyekundu ilikuwa yake.

Alizungukia mbele ya nyumba, akapenya kwenye mizabibu, akaikuta karatasi ya njano imebandikwa langoni, imeshaloa na kukauka mara kadhaa: kwa mwenye nyumba hii tupu, tafadhali wasiliana na ofisi. Tarehe yake ilikuwa ya wiki tano nyuma.

Alipompigia Mitsue, mdogo mtu alicheka kwanza, kisha akauliza, "Dada, umekufa lini na hukuniambia? Ningevaa nyeusi." Kisha akaacha kucheka, akamwambia apige simu ofisi ya mji leo leo.

Wiki iliyofuata alipanda ofisa wa mji, Bwana Funakubo, kijana wa miaka thelathini hivi mwenye viatu vya ofisini. Nobue alimwona kutoka juu akisimama kila vidato ishirini, akijifanya anasoma ramani. Alipofika alimpa kwanza chai baridi ya shayiri, akamwacha aheme kwa heshima yake. Kisha akamwonyesha kosa.

Funakubo aliinama mara nyingi akiomba radhi. Alieleza kwamba wakaguzi ni watu wa kampuni ya upimaji, hawaruhusiwi kuingia ndani, wanatazama kutoka njiani tu: mabao yamefunguliwa au la, sanduku la barua limejaa au la, magugu, nguo kambani. Wanatia alama, wanaondoka.

"Hizi saba zimepata alama nzuri kuliko nyumba yangu mimi," alisema. "Kwa Ishimaru palikuwa na taulo kambani."

"Tambara la sakafu. Nililianika mimi."

"Na yako, samahani mama, imekosa zote."

Walisimama pamoja mbele ya lango. Ukiondoa siku ile ya karatasi ya njano, Nobue hakuwa amesimama pale tangu mwaka uliopita. Alitazama mabao yaliyopauka, jani lililoota kwenye mfereji wa paa, sanduku la barua lililoziba kwa matangazo ya pizza. Akasema hata yeye angekuwa ndiye mkaguzi, angeandika hivyo hivyo. Akasema basi sasa aandike ukweli. Yangu ina mtu, hizi saba hazina.

Funakubo alikuna shingo. Ya kwako ni rahisi, alisema, jaza fomu hii ya masahihisho, naibadilisha wiki hii. Lakini hizo saba zina shida. Kwa kanuni za mji, nyumba tupu ni ile iliyokaa mwaka mzima haitumiki wala haitunzwi. Nyumba inayofunguliwa madirisha mara mbili kwa wiki, maji yanatiririka, sakafu inafutwa, hiyo inatunzwa.

"Inatunzwa na nani? Na mimi."

"Kanuni haiulizi na nani, mama."

"Nikiacha?"

"Ukiacha, tutakuja mwakani mwezi kama huu, tutaikuta imeharibika, tutaiandika. Au mwenye nyumba mwenyewe atuambie haina mtu. Wengi hawasemi. Ikishaandikwa, kodi ya kiwanja inaweza kupanda."

Aliposhuka, Nobue alibaki amekaa kizingitini kwa Hamamoto na ile fomu mkononi. Mvua za Juni zilikuwa zimeanza. Aliujua mwezi huo. Juma moja la mabao kufungwa, kuvu hupanda kutani kama moshi. Juma la tatu, mikeka ya sakafuni huwa laini chini ya kidole. Mwaka mzima, na mchwa watakuwa wamekula nguzo. Ili aaminiwe kwamba nyumba za watu ni tupu, ilimpasa aziozeshe kwanza, na hakuwa na mikono ya kazi hiyo. Jumamosi ilifika, akajizuia hadi saa tatu asubuhi. Saa tatu na robo alikuwa kwa Ishimaru, akisukuma mabao.

Ndipo akapata wazo ambalo lilimfurahisha sana. Aliandika barua saba, kwa mkono, kwa kalamu ya brashi, akiulizia afya za watu na kusifu maua ya msimu wa mvua. Mwishoni kabisa, kwa maneno ya kuomba radhi, akaeleza kwamba magoti yamemchosha, anahama, na huu hapa ufunguo wao. Akazipeleka posta, akapanda ngazi na bati tupu. Kwa siku nne alilala kama mtu aliyetolewa jiwe mgongoni.

Siku ya tano kikaja kifurushi cha kwanza. Akina Ishimaru walituma tikiti tamu ndani ya boksi lenye utepe, na chini ya tikiti, ndani ya bahasha, ufunguo. Waliandika kwamba wamesikitika sana kusikia habari za magoti, hawajui wangefanyaje bila yeye, na wanaendelea kumtegemea. Kesho yake Kunihiro, tambi za ngano na ufunguo. Kisha vifurushi vitatu kwa mpigo, biskuti, mwani mkavu, keki ya chai, kila kimoja na ufunguo wake. Mrithi wa nyumba ya sita, mwanamke ambaye Nobue hajawahi kumwona, alituma sabuni nzuri, ufunguo, na muhuri mpya kwa sababu alidhani ule wa zamani umeshachakaa.

Na zawadi, kama mnavyojua, haikai bila jibu. Kwa hiyo Nobue alishuka vidato mia moja themanini na sita kwenda kutafuta zawadi sita za kurudisha, akapanda, goti likiwaka. Mitsue alimkuta dukani chini, ameshika vikapu viwili.

"Dada, unawanunulia zawadi kwa kukurudishia mzigo?"

"Wametuma tikiti, Mitsue. Lenye utepe."

"Kwa tikiti moja mimi nisingefungua hata dirisha la choo."

Nobue hakucheka. Alimwambia mdogo wake kwamba msimamizi wa jengo asimsubiri, chumba apewe mwingine. Mitsue akamjibu kwamba hatamwambia msimamizi neno lolote kabla ya tarehe ishirini, na kwamba dada yake ni punda mwenye mihuri. Wakaachana hapo kwenye mashine ya kulipia, kila mmoja akishika njia yake.

Ufunguo mmoja tu haukuwa umerudi, wa Fumiko Hamamoto. Tarehe kumi na tisa, Jumanne asubuhi, simu ikalia. Alikuwa Yasunori, mwanawe Fumiko, anayeishi na mama yake Hiroshima. Alianza na mvua, akaja kwenye magoti, akaomba radhi kwa kuchelewa. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekosa usingizi. Akasema mama yake alipouona ule ufunguo juu ya meza alidhani nyumba imeungua. Akasema siku hizi mama anachanganya mambo, lakini jambo moja halimtoki: kila asubuhi anauliza kama Nobue amefungua madirisha. Akiambiwa amefungua, anakula. Ufunguo angeuleta mwenyewe wiki ijayo.

"Naomba uendelee kidogo tu, mama Kajitani. Nikimwambia hujafungua, sijui itakuwaje."

"Mwambie nimefungua," alisema Nobue, kwa mazoea, ingawa ufunguo hakuwa nao, na macho yake yakaiangukia ile fomu ya masahihisho mezani, na ile ramani, na mstari wa maboksi yenye utepe, kila moja na ufunguo wake juu. Akaona miaka yake iliyobaki imepangwa pale kama bidhaa dukani. "Hapana. Yasunori, mwanangu, mpe mama simu."

Yasunori alisita. Kulikuwa na mburuzo wa kiti, sauti ya televisheni, kisha pumzi.

"Nobue. Umefungua?"

"Nimefungua, dada."

"Na la chooni? Lile unalisahau kila mara."

"Na la chooni."

"Mlimau wangu?"

"Umeshika vizuri. Vilimau vimekuwa kama ncha ya kidole."

"Vipunguze, usiache vyote. Na Jumamosi utazame ule mfereji wa paa."

Nobue aliishika simu kwa mikono miwili. "Jumamosi sitafungua, dada Fumiko. Ninahama. Ngazi zimenishinda. Nakwenda chini kwa Mitsue."

Kule Hiroshima televisheni ilizimwa.

"Ukihama wewe, pale atabaki nani?"

"Hakuna mtu."

"Kwa Ishimaru?"

"Hakuna."

"Kunihiro na kelele zake zote?"

"Alihama zamani. Yuko Osaka kwa binti yake."

"Na kwangu? Hata mimi sipo?"

Nobue aliitazama ramani. Angeweza kusema tena nimefungua, na mwanamke yule angekula chakula chake. "Hata wewe hupo, dada," akasema. "Ni mwaka wa sita sasa."

Alisikia kijiko kikigonga kikombe. Alisikia Yasunori akinong'ona kitu, na mama yake akimwambia anyamaze. Kisha sauti ikarudi, na safari hii ilikuwa ile sauti ya zamani, ambayo muuza samaki alikuwa akiiogopa kutoka kidato cha kumi.

"Sasa miaka sita unamfungulia nani madirisha?"

"Uliniambia nyumba unaniachia."

"Kila mtu husema hivyo, Nobue. Yule mleta gazeti pia nilimwambia."

Nobue akakaa chini. Hakuwa na kiti pale, alikaa sakafuni, mgongo kwenye kabati, magoti yamenyooka mbele yake kama ya mwanasesere. Hakujua kama anataka kulia au kurusha simu. Fumiko, kule Hiroshima, aliendelea kuuliza, polepole, kama mtu anayepapasa ukuta kutafuta swichi: kama magodoro ya mgeni bado yako kabatini, kama kuna mtu anayeitazama bahari asubuhi, kama zile suruali za kazi za marehemu zimegawiwa. Nobue alimjibu kila swali. Mwishowe Fumiko akasema basi waandike haina mtu. Akasema yeye hapendi kuandikwa yupo mahali asipokuwapo, ni kama kuvaa nguo za mwingine. Yasunori alichukua simu akaanza habari za kodi, na kwa nyuma mama yake alikuwa akimwambia apige ofisini sasa hivi, yeye anasikiliza. Akapiga. Robo saa baadaye Funakubo alimpigia Nobue kumjulisha kwamba ya Hamamoto imeandikwa.

Nobue alitafuta penseli nyekundu, akakipaka kile kiboksi kidogo kwenye ramani, taratibu, asivuke mstari. Nyumba sita nyeupe zikabaki, na hakuwa na ruhusa ya kupaka hata moja. Angeweza kuwaandikia tena, na matikiti yangekuja tena. Aliivuta ile fomu ya masahihisho, ya kusema kwamba nyumba yake ina mtu. Akaandika jina lake juu. Akatazama tarehe. Kisha akaikunja, akaitia chini ya birika, na akampigia Mzee Isogai aje achukue kibao.

"Tumeshazungumza hayo, mama. Zamu inakwenda nyumba inayofuata."

"Unayo ramani hapo, Mzee? Tazama Kundi la Sita. Kibao kiko kwenye nyumba gani?"

Karatasi ilichakarishwa. "Kiko kwako. Nyekundu."

"Nyumba tupu inashika zamu?"

Isogai alipekua kichwa chake chote cha kanuni. "Sasa ninaongea na nani?" aliuliza hatimaye, kwa unyonge.

"Kwa ramani hiyo, hakuna mtu. Njoo na viatu vyepesi, vidato vina maji."

Kisha akampigia Mitsue. Hakumweleza habari za Fumiko. Hizo alizinyamazia kwa miezi mingi. Alimwambia tu amjulishe msimamizi kwamba kesho asubuhi atashuka kutia sahihi. Mitsue alitaka kushangilia, akajizuia, akauliza kwa tahadhari kuhusu funguo.

"Nakuja nazo," alisema Nobue.

"Zote?"

"Sita."

"Basi huji peke yako, dada. Unakuja na mlima mzima chumbani."

"Zitakaa kabatini," alisema Nobue, na akatazama nje, ambako mvua ilikuwa inashuka juu ya mapaa, na mabao ya kwa Ishimaru, aliyoyafungua asubuhi, bado yalikuwa wazi.